Mashine ilipata asilimia 97, kisha ikasema karibu kila mgonjwa ana nimonia

Swali la msomaji: "Mimi ni daktari katika hospitali ndogo. Tuna proba ya ultrasaundi inayochomekwa kwenye simu. Nikishirikiana na mwenzangu anayeandika programu, nimekusanya picha 1,900 za mapafu kutoka kwa watu 62: 38 wenye nimonia, 14 wenye maji kwenye mapafu, na wafanyakazi wenzetu 10 walio wazima. Tulifundisha modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano) itofautishe makundi hayo matatu, na kwenye majaribio ilipatia kwa asilimia 97. Tulipoijaribu kwa wagonjwa 20 wapya wa wodi nyingine, karibu wote iliwaita wenye nimonia, hata wale ambao shida yao ilikuwa moyo. Tumekosea wapi? Na je, tunaweza kufika mahali mashine ikataja ugonjwa yenyewe?"

Jibu

Daktari, kazi yenu haijapotea bure, na mmefanya jambo ambalo wengi hulikwepa: mmeipeleka modeli kwa wagonjwa isiowajua na mkakubali matokeo. Lakini ile 97 iondoeni kwenye ripoti leo hii. Haipimi mnachodhani inapima.

Picha 1,900 kwa watu 62 ni wastani wa picha 30 kwa kila mtu, na kwa kawaida picha hizo hukatwa kutoka kwenye video fupi. Video ya sekunde 3 iliyorekodiwa kwa fremu 30, yaani picha mojamoja 30, kwa sekunde ina fremu 90. Fremu ya 14 na ya 15 ni kama pacha: mbavu zilezile, mafuta yaleyale chini ya ngozi, pleura (utando unaofunika pafu) ileile. Mwenzako akiiambia programu itenge asilimia 20 ya picha kwa ajili ya majaribio, nayo ikazichanganya kama karata, fremu ya 14 itaenda kwenye mafunzo na ya 15 kwenye majaribio. Huo ni mtihani uliovuja. Modeli haikujifunza nimonia. Ilikariri vifua vya watu 62, na ilipokutana na kifua cha 63 haikuwa na cha kukumbuka.

Kulithibitisha hili hakuhitaji siku nzima. Tengenezeni jedwali ambalo kila picha ina namba ya mgonjwa, kisha gaweni wagonjwa, si picha. Mgonjwa akiwa upande wa majaribio, picha zake zote ziwe huko: pafu la kulia na la kushoto, za siku ya kwanza na za siku ya tatu. Angalieni pia mgonjwa aliyeruhusiwa akarudi na kupewa namba mpya. Huyo huvujisha mtihani bila mtu kugundua. Fundisheni tena bila kubadilisha kitu kingine chochote, muone namba inaangukia wapi. Hiyo ndiyo namba yenu halisi ya kuanzia, hata kama inatia huzuni.

Kwa kuwa watu ni wachache, msitenge kundi moja la majaribio. Asilimia 20 ya watu 62 ni watu 12 tu, na hata modeli ikiwapatia wote 12, takwimu bado haziwezi kukataa kwamba inakosea kwa mtu mmoja katika kila watano. Wagaweni watu wote katika mafungu 5, fundisheni mara 5, kila mara fungu moja likae nje kama majaribio. Na popote mnapotaja idadi, tangulizeni wagonjwa. Watafiti wa Italia waliochapisha kazi yao mwaka 2020 kuhusu kusoma dalili za COVID-19 kwenye ultrasaundi ya mapafu walikuwa na fremu 58,924. Ukisikia hivyo unadhani ni bahari ya data, lakini zilitoka kwenye video 277 za watu 35, na wao wenyewe waliziandika namba zote tatu. Fanyeni vivyo hivyo.

Kosa la pili: mashine inasoma pembeni mwa picha

Mtihani uliovuja unaeleza kwa nini namba ilikuwa kubwa. Hauelezi kwa nini jibu likawa nimonia kwa karibu kila mtu. Sehemu ya jibu ni uwiano: watu 38 kati ya 62 walikuwa na nimonia, na modeli ikibabaika hukimbilia kundi lililo kubwa. Sehemu nyingine, ambayo naiogopa zaidi, ni kwamba wazima wenu wote ni wafanyakazi wenzenu. Watu hao yaelekea ni vijana kuliko wagonjwa, walikaa wima, walishika pumzi walipoambiwa, na mliwapima mchana mkiwa na nafasi. Kama mliwapima kwa mpangilio wa proba bapa, picha zao ni za mstatili, ilhali za wagonjwa zina umbo la feni, nyembamba juu na pana chini. Kama kina kilikuwa sm 6 kwao na sm 16 kwa wagonjwa, vipimo vya pembeni mwa skrini vinatofautiana. Modeli huchukua njia fupi kuliko zote. Kwa nini ihangaike na pleura ikiwa umbo la picha peke yake linatosha kujibu?

Kuna jaribio rahisi la kuikamata. Chukueni picha za majaribio, zibeni kwa rangi nyeusi eneo lote la pafu, acheni kingo tu: maandishi, alama ya upande wa proba, vipimo vya kina, nembo. Ipeni modeli. Ikiendelea kupatia kuliko mtu anayejibu "nimonia" kila mara, mnajua inasoma nini. Dawa yake ni kukata kila kitu kilicho nje ya feni kabla ya picha kuingia kwenye modeli, na, muhimu zaidi, kila kundi liwe na picha kutoka kila mashine, kila mpangilio na kila wodi. Wazima watafuteni miongoni mwa wagonjwa waliolazwa kwa sababu nyingine, wenye umri unaofanana na wengine. Hakuna ujanja wa programu unaoweza kufuta upendeleo ulioingia wakati wa kukusanya.

Kosa la tatu ndilo kubwa, nalo ni swali mliloiuliza mashine

Hapa naomba tuende taratibu, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humu.

Pafu lenye afya limejaa hewa. Sauti ya ultrasaundi inayosafiri kwenye nyama kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde ikigonga hewa iliyo chini ya pleura, zaidi ya asilimia 99 yake hurudi ilikotoka. Kwa hiyo kila unachokiona chini ya mstari wa pleura kwenye pafu lenye afya si pafu, ni mwangwi. Sauti hupigwapigwa kati ya proba na pleura, na kila duru inachora mstari mwingine wa mlalo. Pleura ikiwa sm 2 chini ya ngozi, mistari hiyo itakuwa kwenye sm 4, sm 6, sm 8. Hiyo ndiyo mistari A.

Hewa iliyo karibu na pleura ikipungua na majimaji au kovu likaongezeka, mwangwi hubadilika tabia: hutokea miale ya wima, kama mkia wa kimondo, inayoanzia kwenye pleura, inayoshuka hadi chini ya skrini bila kufifia, inayokwenda na pleura inapoteleza na inayofuta mistari A inapopita. Hiyo ndiyo mistari B. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2012 yalikubaliana kwamba eneo lina dalili ikiwa mistari B ni 3 au zaidi kati ya mbavu mbili, proba ikiwa imekaa kwa urefu wa mwili.

Sasa jiulize: mstari B unasema nini? Unasema tu kwamba uwiano wa hewa na visivyo hewa karibu na uso wa pafu umebadilika. Moyo ulioshindwa huuleta. Nimonia ya virusi huuleta. Makovu ya mapafu huuleta, na pafu lililopondeka kwenye ajali vilevile. Hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa na mmoja au miwili pembeni, chini kabisa ya kifua. Picha moja yenye mistari B minne haina ndani yake jina la ugonjwa, na modeli haiwezi kutoa kitu ambacho hakimo. Wagonjwa wako wa moyo waliitwa wenye nimonia kwa sababu kwenye fremu moja walifanana nao kweli.

Vivyo hivyo kwa pafu lililokosa hewa kabisa, ambalo kwenye skrini hufanana na ini. Linaweza kuwa nimonia, linaweza kuwa pafu lililosinyaa tu. Kinachosaidia kutofautisha ni vimulimuli vya hewa ndani ya njia za hewa: vikisogea mgonjwa anapovuta pumzi, njia iko wazi na nimonia ina nafasi kubwa zaidi. Kusogea hakuonekani kwenye picha iliyosimama.

Kinachobeba jina la ugonjwa ni ramani ya kifua kizima, pamoja na mgonjwa mwenyewe. Mistari B pande zote mbili, inayolingana, chini ya pleura nyembamba na laini, huelekeza kwenye majimaji yatokanayo na moyo. Mistari B ya mabaka, penye eneo bovu jirani na eneo zima, pleura ikiwa imekatikakatika na vidonge vidogo vya nyama ngumu chini yake, huelekeza kwenye maambukizi au pafu lililoumia. Ndivyo alivyojenga mpango wake daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein, uliochapishwa mwaka 2008: hakuanza na ugonjwa, alianza na alama, akaziunganisha kuwa sura chache, kila sura ikaelekeza kwenye chanzo cha mtu kukosa pumzi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: iacheni mashine isome alama, eneo kwa eneo. Jina la ugonjwa litajeni ninyi, mkiwa na ramani hiyo mkononi pamoja na homa, mapigo ya moyo, historia na damu. Mashine inayosema "kulia mbele chini: mistari B iliyoungana, pleura haijanyooka" unaweza kuikagua kwa macho ndani ya sekunde 5. Inayosema "nimonia, asilimia 91" huwezi.

Neno moja la Kiswahili lililowaponza

Kundi lenu la pili mmeliita "maji kwenye mapafu". Tunasema hivyo wodini kila siku, na tunamaanisha vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Kuna majimaji yaliyojaa ndani ya tishu ya pafu lenyewe, ambayo kwenye skrini ni mistari B. Na kuna maji yaliyokusanyika nje ya pafu, kati ya tabaka mbili za pleura, ambayo ni eneo jeusi juu ya diaframu (msuli unaotenga kifua na tumbo), pafu likielea ndani yake. Kama kati ya wale 14 mmechanganya aina zote mbili, mmeifundisha modeli kwamba weusi na weupe ni kitu kimoja. Rudini kwenye mafaili mtenganishe. Kwenye lebo, yaani majibu mnayobandika kwenye picha ili modeli ijifunze, msitumie neno "maji" peke yake. Andikeni "mistari B" au "maji ya pleura".

Namna ya kupiga picha upya

Nashauri muanze kukusanya upya, kwa mpango, hata kama zile za zamani mtazitumia kwa mazoezi. Proba pinde ya megahezi 2 hadi 5 inatosha kwa mtu mzima. Proba bapa ni nzuri kwa kuchunguza pleura na kwa watoto wadogo, lakini haifiki chini. Chagueni moja kwa mradi, msichanganye. Kina kiwe sm 10 hadi 15 kwa mtu mzima. Kina kikiwa kifupi mno hamtajua kama mstari unafika chini au unafifia njiani. Kitovu cha fokasi kiwekeni usawa wa pleura. Zimeni mipangilio ya kulainisha picha, ya kuchanganya pembe kadhaa na ya hamoniki. Mipangilio hiyo ilitengenezwa kuondoa mwangwi bandia, na hapa mwangwi bandia ndio tunaoutafuta. Simu nyingi huiwasha yenyewe unapobadili aina ya uchunguzi, kwa hiyo itazameni kila mara.

Wekeni proba wima, ikate mbavu mbili. Sura mnayoitaka ni ya popo: mbavu mbili na vivuli vyake ni mabawa, na mstari mng'avu wa pleura, takriban nusu sentimita chini ya usawa wa mbavu, ndio kiwiliwili. Kisha inamisheni proba taratibu hadi pleura ing'ae kabisa na mistari A ijitokeze. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Proba ikilala pembe hata kidogo, sauti hairudi ilikotoka, mistari A inapotea, na chini ya pleura hubaki ukungu wa kijivu usio na umbo. Binadamu mzoefu huona kwamba picha ni mbovu. Modeli isiyofundishwa kutambua picha mbovu huuchukua ukungu huo kuwa ugonjwa.

Rekodini video, si picha, sekunde 4 hadi 6 ili duru nzima ya pumzi iingie, mkono ukiwa umetulia. Maeneo ni 12: kila upande una mbele, ubavuni na mgongoni, na kila sehemu ina juu na chini. Mgonjwa asiyeweza kugeuzwa, andikeni kwamba mgongo haukupimwa. Msiache wazi, kwa maana nafasi tupu baadaye husomwa kama eneo lisilo na ugonjwa. Andikeni pia kama alikuwa amelala au amekaa, maana maji hufuata mteremko.

Majina ya mafaili yanaonekana jambo dogo hadi siku yanapowasaliti. Herufi K haitoshi, kwa kuwa kulia na kushoto zote zinaanza nayo, na M ni ya mbele na ya mgongoni pia. Tumieni KUL na KUS. MBE, UBA na MGO. JUU na CHI. Faili liitwe kwa mfano 017_KUL_MGO_CHI. Jina la mgonjwa lisionekane popote, wala kwenye jina la faili wala ndani ya picha. Na msitumiane video kwa programu za ujumbe: hubanwa zikapoteza chembechembe, na mistari miwili iliyokaribiana hurudi ikiwa mmoja mnene. Hamisheni kwa waya au kwa hifadhi isiyobana.

Lebo

Kila video isomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, wasiojua mgonjwa ana nini. Wakitofautiana, wa tatu aamue. Daraja za 0 hadi 3 zinatosha. Sifuri ni mistari A na pleura inayoteleza, au mistari B isiyozidi 2. Moja ni mistari B 3 au zaidi iliyoachana. Mbili ni mistari iliyoungana ikawa pazia jeupe. Tatu ni pafu lililogeuka nyama. Jumla ya maeneo 12 ni 0 hadi 36, na maji ya pleura yana safu yake pembeni. Mistari ikianza kuungana msigombane kuhesabu ni mingapi. Kadirieni ni sehemu gani ya urefu wa pleura imefunikwa.

Ongezeni lebo ya tano: "haisomeki". Naisisitiza kwa nguvu zangu zote. Bila hiyo, mashine inalazimika kujibu hata proba ikiwa juu ya bega. Wafundisheni wasomaji pia mistari inayojifanya B. Ipo mifupi inayoanzia kwenye pleura lakini hufifia baada ya sentimita chache na haifuti mistari A. Haina maana yoyote. Na ipo inayoanzia juu ya pleura, pale hewa ilipoingia chini ya ngozi. Hiyo huficha pafu lote, na eneo hilo ni "haisomeki".

Baada ya video 100 za kwanza, pimeni wasomaji wawili wanakubaliana kiasi gani kwa kipimo cha kappa, ambacho huondoa makubaliano ya bahati: 0 ni bahati tupu, 1 ni kukubaliana kikamilifu. Mkipata 0.5, simameni. Kaeni pamoja, rekebisheni maelezo ya daraja, someni upya. Mara nyingi ugomvi uko kati ya daraja 1 na 2. Mashine iliyofundishwa na watu wasiokubaliana itajifunza kutokukubaliana kwao.

Modeli yenyewe

Mwenzako huenda angependa sehemu hii iwe ndefu, ila ndiyo yenye mchango mdogo zaidi. Mtandao wa neva bandia (aina ya modeli inayosoma picha) wa kawaida, wa ukubwa wa ResNet-18, uliokwisha kufundishwa kwa picha za kawaida, unatosha. Ninachomwomba achunguze ni mambo manne.

La kwanza ni kupunguza ukubwa wa picha. Mitandao mingi hupokea picha ya pikseli 224 kwa 224. Picha yenu ikiwa na pikseli 1,000 kwa kina cha sm 15, kila pikseli ni milimita 0.15, ikibanwa hadi 224, kila pikseli ni karibu milimita 0.67. Pleura yenye unene wa milimita 1.5 ilikuwa pikseli 10, sasa ni 2. Kukatika kwake, ambako ndiko kunakotenganisha maambukizi na moyo, kumefutwa kabla modeli haijaanza kutazama. Afadhali atangulize hatua ya kuitafuta pleura kwa mtandao wa aina ya U-Net, unaochora mipaka ya kitu kwenye picha, kisha akate kipande kinachoizunguka bila kukibana.

La pili ni umbo la feni. Kwenye proba pinde mistari B hutawanyika kama miale ya jua. Feni ikikunjuliwa kuwa mstatili kabla ya kufundisha, mistari yote husimama wima na kazi huwa nyepesi.

La tatu ni kuongeza picha kwa kuzigeuza. Kugeuza kulia kwenda kushoto ni sawa, na kubadili mwangaza kidogo ni sawa. Kupindua juu chini ni kosa, maana pleura huwa juu daima na mwelekeo wa mstari B ndio maana yake. Kuongeza mwangaza kupita kiasi huzalisha mistari B bandia.

La nne ni namna ya kutoa jibu la video kutoka kwenye fremu zake. Wastani wa fremu zote hufisha mistari B inayojitokeza kwa nusu tu ya pumzi. Kuchukua fremu mbaya kuliko zote hufanya mkwaruzo mmoja wa jeli uwe ugonjwa. Njia ya kati inafaa: wastani wa asilimia 10 ya fremu zenye alama ya juu, yaani fremu 15 katika video ya fremu 150.

Hewa iliyoingia kati ya tabaka za pleura iacheni kwa sasa. Alama yake ni pleura kutoteleza, jambo linalohitaji modeli inayosoma mwendo. Tena pleura hukosa kuteleza pia pale tabaka zimegandamana kwa kovu, au mrija wa kupumulia umeingia upande mmoja, au mgonjwa ameshika pumzi. Kosa hapo humfanya mtu achomwe mrija kifuani bila sababu.

Kabla ya kuirudisha wodini

Fikirieni mashine inayokamata wagonjwa 90 kati ya kila 100 wenye nimonia, na inayowaachia 90 kati ya kila 100 wasio nayo. Wodini ambako 400 kati ya watu 1,000 wanayo, itapiga kengele mara 420, na 360 kati ya hizo ni za kweli. Ipelekeni ileile kwa wagonjwa wa nje ambako 50 kati ya 1,000 wanayo: itapiga kengele mara 140, za kweli ni 45. Mashine haijabadilika, waliobadilika ni watu. Ndiyo maana modeli ya wodi moja huonekana imeharibika ikihamia nyingine, na ndiyo maana kizingiti cha kupiga kengele hupangwa upya kila mahali.

Mkishaipata modeli ya alama, iacheni ifanye kazi kimyakimya kwanza: isome kila mgonjwa, majibu yake yahifadhiwe, lakini asiyaone anayemtibu. Baadaye linganisheni na wasomaji wawili, mkitenga matokeo kwa kila mashine, kwa watu wanene na wembamba, kwa watoto na wakubwa, na mkihesabu imesema "haisomeki" mara ngapi. Kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya wagonjwa vitangulie. Na kila anayeitumia ajue kwamba ultrasaundi huona tu kilichofika kwenye pleura. Nimonia iliyozungukwa na hewa katikati ya pafu haionekani kwa mashine wala kwa jicho, kwa hiyo ramani safi haimzuii mtu mwenye dalili kupigwa eksirei.

Kwa wiki hii, fanyeni mawili. Gaweni upya wale 62 kwa mgonjwa na mfundishe tena, na watoeni wale 14 mkawatenganishe. Wagonjwa 20 wa wodi ile msiwaongeze kwenye mafunzo hata mkishawishika; wekeni lebo za maeneo kwenye video zao, zifungieni, na msizifungue hadi modeli mpya iwe imekamilika na kizingiti chake kimeshaandikwa kwenye karatasi.